Kora na Binti Watano wa Selofehadi

Barua tatu tulizopokea kwa ajili ya ukurasa huu zinagusa jambo moja: uasi, unyenyekevu na utii kama Maandiko Matakatifu yanavyoyafundisha. Tumezifupisha na kuondoa majina ya waandishi, ya mapadre na ya parokia. Padre wa ukurasa huu anazijibu.

SWALI LA KWANZA

Tumsifu Yesu Kristo. Padre, mimi ni mama wa watoto wanne na niliwahi kuwa mweka hazina wa jumuiya yetu. Kwa miaka mitatu waumini wa parokia yetu tumechangia ukarabati wa paa la kanisa, na kwa muda huo wote hatujasomewa mapato wala matumizi. Katika mkutano wa parokia nilisimama nikauliza, kwa heshima kadiri nilivyoweza, ni lini tutasomewa. Paroko hakujibu. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya Kora, Dathani na Abiramu waliomezwa na ardhi, kisha akasema kwamba akina Kora bado wapo na wengine wameketi humu humu kanisani. Watu waligeuka kunitazama. Tangu siku hiyo wapo wanaonikwepa, na mume wangu ananisihi nikaombe radhi. Nimeisoma Hesabu sura ya 16 mara nyingi na ninaogopa. Je, kuuliza ni kuasi? Na kama si kuasi, mbona sina amani?

JIBU

Milele na milele, amina. Mama, kwa namna ulivyolieleza, swali lako si uasi. Ningeweza kuishia hapo, lakini hofu uliyo nayo imetoka katika Neno la Mungu, na haitaondoka kwa kuambiwa tu kwamba usiogope. Itaondoka kwa kulisoma Neno hilo polepole zaidi ya lilivyosomwa siku ile. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, katika miaka ya mwanzo ya upadre wangu, niliwahi kuitumia sura hiyo hiyo kumnyamazisha mtu aliyenisumbua, na mpaka leo nikiifungua humkumbuka mtu yule kwanza, ndipo Kora.

Kora hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa Mlawi wa ukoo wa Kohathi, na ukoo huo ndio uliokabidhiwa vitu vitakatifu kuliko vyote vya hema ya kukutania, mahali pa ibada jangwani. Koo nyingine za Walawi zilipewa magari na ng'ombe wa kuvuta mizigo, lakini wana wa Kohathi walivibeba vyao mabegani. Mtu huyo, pamoja na Dathani, Abiramu na wakuu 250 wenye sifa, aliwaendea Musa na Haruni akawaambia kwamba mkutano wote ni mtakatifu na Bwana yu kati yao, basi kwa nini hao wawili wajitukuze juu ya wengine. Tazama jinsi hoja hiyo ilivyo nzuri. Tena ni ya kweli, kwa maana Mungu mwenyewe aliwaambia Waisraeli pale Sinai kwamba watakuwa ufalme wa makuhani na taifa takatifu. Ndiyo sababu Musa hakuikanusha. Aliuliza tu kama ni jambo dogo kwa Kora kwamba Mungu amemtenga kwa utumishi wa maskani, hata atafute na ukuhani pia. Neno hilo ndilo linalofunua kilichokuwa moyoni. Kora alivaa vazi la mtetezi wa wengi, lakini alichokitaka ni chetezo cha Haruni, chombo cha kuhani cha kufukizia uvumba, mkononi mwake.

Sehemu ya pili ya kisa hicho husahaulika sana katika mahubiri. Musa aliwatumia watu Dathani na Abiramu ili waje wazungumze, nao wakajibu kwa neno moja: hawaji. Kisha wakamlaumu kwamba amewatoa katika nchi ijaayo maziwa na asali ili awaue jangwani, na nchi waliyoipa sifa hiyo ilikuwa Misri, nyumba ya utumwa wao. Hapo ndipo uasi unapoonekana kwa macho. Mtu ameitwa aje asikilize na kusikilizwa, akakataa. Na ili kukataa kwake kupate sababu, akaipindua hata kumbukumbu yake mwenyewe, minyororo ikawa asali. Lugha yetu inalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa mtoto mkaidi tunasema hasikii, na mtiifu tunamwita msikivu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 144, inasema vivyo hivyo juu ya neno la Kilatini la kutii, kwamba limetokana na kusikia. Wahenga nao walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walimtaja asiyesikia, wala hawakumtaja anayeuliza.

Sasa mwangalie Musa, kwa sababu sura hiyo ni yake pia, na inawahusu wote wanaoketi mahali pake. Aliposhambuliwa, jambo la kwanza alilofanya ni kuanguka kifudifudi. Jambo jingine alilofanya, na ninaomba kila padre anayesoma ukurasa huu alitafute katika mstari wa 15, ni kutoa hesabu. Alisema mbele za Mungu kwamba hakuchukua punda hata mmoja wa watu wale, wala hakumdhuru yeyote miongoni mwao. Katika sura ile ile uliyohubiriwa kama onyo la kutouliza, mchungaji wa taifa zima anahesabu punda! Samweli alifanya hivyo pia alipokuwa mzee: alisimama mbele ya Israeli wote akataka wamwambie amechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, na kwa mkono wa nani amepokea rushwa. Mtume Paulo, alipokusanya michango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuisafirisha bila ndugu waliochaguliwa na makanisa, akaeleza katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, kwamba anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeona kwamba kutoa hesabu kunampunguzia mamlaka.

Lakini kisa ninachotaka ukisome zaidi ya vyote kiko mbele kidogo, katika sura ya 27 ya kitabu hicho hicho. Binti watano wa mtu aliyeitwa Selofehadi, yaani Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote. Baba yao alikuwa amefariki jangwani bila kuacha mtoto wa kiume, na kwa desturi ya wakati ule jina lake lingefutika na wao wasingepata urithi wa ardhi. Walianza utetezi wao kwa kusema kwamba baba yao hakuwa miongoni mwa kundi la Kora. Wasichana hao walijua vizuri, mama, kwamba mtu akisimama kudai jambo mbele ya Musa, watu watamkumbuka Kora, kama walivyokukumbukia wewe. Kwa hiyo walilisema jina hilo wenyewe, wakaliweka kando, ndipo wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe, nao wapewe milki pamoja na ndugu za baba yao.

Musa hakuwahubiria. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akajibu kwamba binti za Selofehadi wamesema haki. Sheria ya urithi ikatengenezwa upya kwa sababu ya swali lao. Kisha, katika sura ya mwisho ya kitabu, wazee wa kabila lao walitoa hoja kwamba binti hao wakiolewa nje ya kabila ardhi itahama, ikaamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao, nao wakafanya hivyo. Walipopewa walichokidai walipokea, na walipowekewa mpaka waliutii. Weka visa hivi viwili kando kwa kando na utaona tofauti haiko katika ujasiri, kwa kuwa binti watano mbele ya taifa zima walihitaji ujasiri mkubwa kuliko wakuu 250. Kora alikwenda kwa ajili ya cheo ambacho hakupewa, akakusanya watu kwanza ndipo akasema, na washirika wake walipoitwa hawakuja. Binti za Selofehadi walikwenda mlangoni, mahali pa wazi, kwa wenye mamlaka yenyewe, wakaeleza jambo lao wakangoja jibu.

Kanisa limeuweka mwenendo wa binti hao katika sheria zake. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 212, unaanza kwa kuwafunga waamini katika utii wa Kikristo kwa yale ambayo wachungaji wanayafundisha kama walimu wa imani na kuyaamua kama viongozi wa Kanisa; na kanuni hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba waamini wana haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao kuhusu mema ya Kanisa, kwa heshima na kwa kuangalia faida ya wote. Utii na sauti ya mwamini vimewekwa ndani ya kanuni moja, na aliyeviweka hakuona vinapigana. Kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na halmashauri ya fedha, na kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali ya Kanisa wawatolee waamini hesabu ya vitu walivyovitoa, kwa utaratibu uliowekwa na sheria ya mahali. Hivyo ulichokiuliza ni jambo ambalo Kanisa lenyewe limeshaliagiza.

Nisije nikakusifu kupita kiasi, kwa sababu swali pia linaweza kuwa silaha. Kauli ya kwanza ya nyoka katika Biblia ni swali: "Ati! Hivi ndivyo alivyosema Mungu?" Hakutaka kujua. Alitaka Eva aanze kumtazama Mungu kama mtu anayeficha kitu, na Katekisimu inasema kwamba dhambi ya kwanza ilianza pale mwanadamu alipoacha imani yake kwa Muumba ife moyoni. Kwa hiyo jichunguze mahali pamoja tu. Ukisomewa hesabu hizo kesho, na zikawa safi, utafurahi au utasikitika? Kama utafurahi, wewe ni binti wa Selofehadi. Kama ndani yako kuna sehemu inayotamani paroko akutwe na doa, hiyo ndiyo ya kuipeleka kwenye kitubio, nayo haibadilishi haki ya swali lenyewe.

Kuhusu kukosa amani, usiichanganye aibu na hatia. Kutazamwa na kanisa zima kunaumiza hata asiye na kosa. Usiombe radhi kwa kuuliza. Ukiona kwamba sauti au neno fulani lilimdhalilisha padre mbele ya watu, omba radhi kwa hilo, ukilitaja hilo peke yake. Baada ya hapo mwandikie paroko barua fupi ya heshima, umwombe suala hilo liwekwe mbele ya halmashauri ya fedha. Jibu lisipopatikana kwa muda wa kutosha, unaweza kumwandikia askofu, na nakala umpe paroko ili asisikie kwa watu. Usikusanye saini kwanza, wala usianzie kwenye mazungumzo ya njiani. Mwonyeshe mumeo sura ya 27 kabla hujaandika.

SWALI LA PILI

Padre, nimefundisha kwaya ya parokia kwa miaka 12. Paroko mpya ameniondoa bila kunieleza sababu, tena amelitangaza hilo kanisani mwishoni mwa Misa kabla ya kuniambia. Nusu ya wanakwaya wamenifuata. Sasa kila Jumapili tunakutana nyumbani kwangu. Tunasali, tunasoma Biblia na kuimba, na kwa kweli tunasali kwa moyo kuliko tulivyokuwa tukisali kanisani. Daudi naye alipoonewa na Sauli alikimbia, na watu wenye dhiki wakamkusanyikia pangoni. Je, tunakosea?

JIBU

Ndugu yangu, ulivyotendewa si vyema. Kristo aliagiza katika Matayo 18 kwamba ndugu akikosa aendewe kwanza wakiwa wawili peke yao, na sioni mahali ambapo mapadre wamesamehewa agizo hilo. Na hata kama hukukosa, kwa mtu aliyetumikia miaka 12 mazungumzo ya nusu saa yalikuwa deni. Mtume Petro anawaonya wachungaji wasijifanye mabwana juu ya wale waliokabidhiwa. Ninayasema haya mwanzoni ili usidhani kwamba yanayofuata yanatokana na padre kumtetea padre mwenzake.

Mnakosea. Na Daudi uliyemtaja ndiye shahidi dhidi yenu.

Ni kweli alikimbilia pango la Adulamu na watu kama 400 wakamkusanyikia. Lakini fuata alichokifanya akiwa huko. Pale Engedi Sauli aliingia peke yake katika pango ambamo Daudi alikuwa amejificha, na watu wa Daudi wakamwambia kwamba hii ndiyo siku aliyoahidiwa. Daudi akanyemelea, akakata upindo wa vazi la mfalme, basi. Na baada ya kukata kipande hicho cha nguo moyo wake ukamchoma, kana kwamba amemjeruhi mtu. Siku nyingine alifika usiku mpaka kichwani pa Sauli aliyelala, akachukua mkuki na gudulia la maji, akavuka ng'ambo, ndipo akapaza sauti kuuliza kwa nini bwana wake anamfuatia mtumishi wake. Alilalamika, tena kwa sauti iliyosikika bondeni kote, lakini mkuki aliurudisha. Hakujitawaza akiwa pangoni, hakujenga madhabahu ya kushindana na maskani, na Sauli alipokufa vitani alimlilia. Wewe umekimbia kama Daudi, lakini huko ulikokimbilia umejenga kitu ambacho Daudi hakukijenga.

Misa ya Jumapili si mali ya paroko. Alipokuondoa kwenye kwaya hakukuondoa mezani pa Bwana, wala hana uwezo wa kukuondoa hapo kwa tangazo kama lile. Ni wewe uliyejiondoa na kuwaondoa wengine pamoja nawe. Unasema mnasali kwa moyo zaidi. Sina sababu ya kulitilia shaka, na ndiyo maana ninakuogopea. Sauli aliamriwa asibakize chochote cha Waamaleki, akabakiza kondoo na ng'ombe walio bora, na Samweli alipofika na kusikia kondoo wakilia, mfalme alimjibu kwamba wameachwa ili watolewe dhabihu kwa Bwana. Sadaka ilikuwa ya kweli na wanyama walikuwa wanono. Jibu la Samweli unalijua: kutii ni bora kuliko dhabihu. Angalia pia jinsi Sauli alivyotubu. Alikiri kwamba amekosa, na papo hapo akaomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Jeraha lililomuuma zaidi lilikuwa la kuonekana. Nakuuliza kwa upole, kwa kuwa wewe ndiwe ujuaye: paroko angekuita ofisini na kukuondoa kimya kimya, ungeanzisha kikundi hiki?

Mtakatifu Benedikto, ambaye Kanuni yake kwa wamonaki inaanza kwa neno "Sikiliza", aliweka sura ya 68 kwa ajili ya ndugu aliyeamriwa jambo lililo juu ya nguvu zake. Anamtaka alipokee kwa upole. Akiona kweli limemzidi, amweleze mkubwa wake sababu, kwa uvumilivu na kwa wakati unaofaa, bila kiburi wala ubishi. Na mkubwa akishikilia neno lake, atii akiutegemea msaada wa Mungu. Sura hiyo ni fupi sana, lakini ina nafasi ya kusema, kitu ambacho wengi wanaonukuu utii wa kimonaki hukiruka. Nenda kwa paroko umwombe sababu. Usiporidhika, mlango wa askofu upo. Lakini Jumapili ijayo uwe kanisani, na hao waliokufuata uwaambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako, kwa maana wakirudi kimya watadhani umewatuma kupeleleza.

Najua itakuwia vigumu kuketi kwenye benchi ukiisikia sauti ya tatu ikikosewa. Hapo nakukumbusha jambo dogo la Biblia ambalo mwalimu wa kwaya atalipenda. Kitabu cha Hesabu, sura ya 26, kinasema kwamba wana wa Kora hawakufa pamoja na baba yao. Ukoo ukaendelea, na katika Mambo ya Nyakati unaukuta kwenye hekalu: ni mabawabu. Zaburi kadhaa zimebeba jina lao, na katika ile ya 84, wazao wa mtu aliyeutaka ukuhani wanaimba kwamba wangependa kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wao kuliko kukaa katika hema za uovu. Hema, ndugu yangu. Walikumbuka ni hema za nani zilizomezwa. Huenda umeifundisha zaburi hiyo kwa sauti zote nne.

SWALI LA TATU

Padre, Waraka kwa Waebrania 5:8 unasema kwamba Yesu, ingawa ni Mwana, "alijifunza kutii" kwa mateso aliyoyapata. Je, kuna wakati ambapo hakuwa mtii?

JIBU

Hapana. Waraka huo huo, sura moja kabla, unasema alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote bila kutenda dhambi. Kujifunza kunakotajwa si kwa mtu anayeacha ukaidi akashika adabu, bali ni kwa mtu anayekijua kitu kwa kukipitia. Mwana wa milele hana lolote la kuongezewa kuhusu mapenzi ya Baba, lakini alipotwaa mwili alitwaa pia hofu ya mwili, usingizi wake, njaa yake na woga wake wa kufa, na katika hali hiyo ndipo kutii kunapogharimu. Waraka kwa Wafilipi, sura ya 2, unaifuata njia hiyo kwa kushuka: alikuwa na namna ya Mungu, akajifanya hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa, akajinyenyekeza, akawa mtii hata mauti, tena mauti ya msalaba. Adamu aliyekuwa chini alinyoosha mkono ili awe kama Mungu, na huyu aliyekuwa juu hakuona kule kuwa sawa na Mungu kuwa kitu cha kushikamana nacho. Mtakatifu Irenei, katika karne ya 2, aliliona jambo hilo hilo kwa Mama yake pia, akaandika kwamba fundo lililofungwa na uasi wa Eva lilifunguliwa na utii wa Maria.

Tukimtaja Maria, tukumbuke kwamba naye aliuliza. Malaika Gabrieli alipompa habari, alitaka kujua neno hilo litakuwaje. Miezi sita kabla, Zakaria alikuwa ameuliza swali linalofanana nalo kwa maneno, akafungwa ulimi. Lakini Zakaria alitaka ishara ya kumthibitishia kwamba ni kweli, na Maria alikuwa ameshaamini, akitaka kujua namna. Alipojibiwa akasema maneno tunayoyasali katika Malaika wa Bwana: ndimi mtumishi wa Bwana, nitendewe ulivyonena. Waliozoea kuyachukua maneno hayo kama ya msichana aliyenyamazishwa waisome mistari michache baadaye, anapoimba kwamba Mungu amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi. Huyo ndiye mnyenyekevu wa Injili.

Sasa rudi Gethsemani, maana ndiko Waebrania wanakokuelekeza wanapotaja maombi yenye kilio kikuu na machozi. Matayo anasimulia kwamba Yesu aliwaacha wanafunzi, akaendelea mbele kidogo, akaanguka kifudifudi kama Musa alivyoanguka mbele ya Kora, akaomba kikombe kimwepuke, walakini si kama atakavyo yeye. Akarudi akawakuta wamelala. Akaenda tena akaomba. Akarudi, wamelala, macho yao yamekuwa mazito. Akawaacha, akaenda mara ya tatu, na Mwinjili ameandika wazi kwamba alisema maneno yale yale. Kisha akawaamsha akawaambia, "Ondokeni, twende zetu," na alipokuwa bado anasema, Yuda akafika.